Chakula ni Dawa, Lakini Si Kila Dawa ni Chakula

Kuna ujumbe wa sauti uliozunguka katika magrupu yetu ya WhatsApp hapa Mafubira. Mwanaume anaongea Kiswahili kizuri, sauti ya upole kama ya mchungaji. Anasema kisukari cha watoto kimekuja na vyakula vya dukani. Ati mtoto akirudi kwenye chakula cha mababu, akaacha wanga wote, akanywa maji ya majani ya mlonge asubuhi na jioni, basi baada ya siku arobaini sindano zinaweza kutupwa.

Mama mmoja wa kwetu ana kijana wa miaka 11 anayechomwa insulini kila siku. Ujumbe ule aliusikiliza mara tatu. Jumapili akatufuata baada ya ibada, akakaa, akauliza: "Wanangu, ninyi mulisoma. Chakula kinaweza kumuponya mutoto wangu ao hakiwezi?"

Tulitaka kumjibu palepale, "Mama, hakiwezi." Lakini mmoja wetu akasema ngoja kwanza. Mbona hapahapa Uganda kuna watoto waliookolewa na chakula, wakati madaktari walikuwa wanawapa dawa zisizosaidia? Na mbona kuna ugonjwa mwingine wa ukoo uleule wa kisukari cha watoto ambao tiba yake ni chakula, basi? Tukaona jibu fupi halitamtosha mama. Tukaenda kusoma historia. Haya ndiyo tuliyoyapata.

ASKARI WANAOGEUKA

Kwanza tuelewane kuhusu ukoo wa magonjwa haya. Kinga ya mwili ni kama askari waliowekwa kulinda kijiji. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vinavyotoka nje. Katika magonjwa fulani askari hao wanakosea, wanaanza kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Sisi tuliotoka Kivu na Ituri, pamoja na wenzetu wa Sudan Kusini, hatuhitaji kuelezwa mara mbili maana ya askari kumgeuzia bunduki raia aliyetumwa kumlinda.

Askari wakishambulia kongosho, mtoto anapata kisukari cha aina ya kwanza. Wakishambulia utumbo mwembamba kwa sababu ya ngano, anapata ugonjwa unaoitwa siliaki. Wakishambulia viungo vya mifupa, anapata baridi yabisi ya watoto. Ukoo ni mmoja, lakini tabia zao ni tofauti, na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Wanasikia chakula kimesaidia katika ugonjwa mmoja, wanakihamishia kwenye mwingine.

MULAGO: CHAKULA KILIPOKUWA DAWA KWELI

Imani kwamba chakula kinaponya mtoto si ujinga. Hapa Uganda ina historia nzito.

Miaka ya 1930 watoto wengi walikuwa wanaletwa hospitali wamevimba miguu na uso, nywele zimegeuka rangi, ngozi inabanduka, hawataki kula wala kucheza. Waganda walikuwa na jina lao, obwosi, na walilihusisha na mama kushika mimba nyingine wakati mtoto bado ananyonya. Madaktari wa kikoloni walibabaika. Wengine walisema ni minyoo, wengine wakasema ni kaswende ya kurithi, wakatibu kaswende. Watoto wakaendelea kufa.

Wakati huohuo huko Gold Coast, Ghana ya leo, daktari mwanamke mzaliwa wa Jamaika, Cicely Williams, aliwasikiliza akina mama. Mwaka 1933 aliandika kwamba ugonjwa huu unawapata watoto wanaolishwa uji wa mahindi mtupu, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina alilolipata kwa Waga wa Accra: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mdogo wake anakuja. Ukiangalia vizuri, Waga na Waganda walikuwa wameona jambo lilelile. Kilichowapata watoto hao ni kuondolewa kwenye maziwa ya mama na kupewa chakula cha kushibisha tumbo tu.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alipigania maelezo hayo kwa miaka. Baadaye watafiti wakiongozwa na Rex Dean wakatengeneza tiba ya maziwa, na watoto wengi waliokuwa wa kufa wakapona. Lakini mafanikio yakazaa tatizo jingine. Watu waliona hospitali inatibu kwa maziwa, wengine wakaanza kulisha watoto kwa chupa nyumbani, kwa maji yasiyo salama na maziwa yaliyozimuliwa sana. Kuhara kukaongezeka.

Ndiyo maana mwaka 1965 ilianzishwa Mwanamugimu pale Mulago. Jina linatoka kwenye methali ya Kiganda inayosema kwa maana kwamba afya ya mtoto inaanzia mgongoni, kwenye mbeleko ya mama yake. Pale mama alipika mwenyewe. Walifundishwa kitobero: matoke au viazi, pamoja na maharage au karanga, na samaki au nyama kidogo, vyote vimefungwa pamoja katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Hakuna kilichonunuliwa Ulaya. Mama alimwona mtoto wake anarudi kuwa mtu kwa chakula cha shamba lake, kisha akaenda kuwasimulia majirani. Mwanamugimu ipo mpaka leo.

Kwa hiyo anayesema "chakula kiliokoa watoto wa Uganda" hasemi uongo. Ila tuangalie sababu. Kwashiorkor ni ugonjwa wa kukosa lishe. Askari wa mwili hawakugeuka; walikuwa na njaa. Ukirudisha kilichokosekana mapema, mtoto anarudi.

NDIZI ZA NEW YORK NA MKATE WA UHOLANZI

Sasa tuje kwenye siliaki, ambayo ni ya ukoo wa askari waliogeuka.

Mwaka 1888 daktari wa London, Samuel Gee, alieleza kuhusu watoto wanaohara kwa muda mrefu, tumbo kubwa, mikono na miguu myembamba kama vijiti. Alikisia kwamba kama kuna kitakachowaponya, kitakuwa chakula. Lakini chakula kipi? Hakujua.

Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York akatangaza tiba ya ndizi. Watoto walikula ndizi nyingi, maziwa na nyama, bila mkate. Wakanenepa! Kwa miaka mingi Marekani iliamini ndizi ina nguvu ya ajabu. Sisi tunaoishi katikati ya migomba ya Busoga tunaweza kucheka kidogo hapa. Kumbe ndizi haikufanya muujiza wowote. Kilichowasaidia watoto ni kile walichoacha kula. Ndiyo maana mtoto aliyedhaniwa amepona, akirudishiwa mkate, ugonjwa ulirudi.

Aliyefungua fumbo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Inasimuliwa kwamba alianza kushuku ngano baada ya kusikia habari za mama aliyeona mwanawe anapata nafuu kila akiacha mkate. Basi ikaja vita. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi, na maelfu ya watu walikufa njaa. Mkate ukaadimika. Katikati ya balaa lile, watoto wa Dicke wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Dicke akapima jambo hilo kwa makini pamoja na wenzake, akaliandika katika tasnifu yake ya mwaka 1950: tatizo ni ngano, na ndugu zake kama shayiri na rai. Baadaye ilijulikana kwamba protini yake, gluteni, ndiyo inayowachokoza askari wa mwili wakaharibu utumbo.

Hapa basi chakula ni tiba kamili. Mtoto wa siliaki akiacha ngano maisha yake yote, utumbo unapona, anakua, anasoma, anacheza. Mahindi, mchele, mihogo, mtama, ulezi na matoke havina shida kwake. Chapati, mandazi, mkate na rolex ndivyo vya kuacha.

WAKIMBIZI WENZETU WA JANGWANI

Historia hii ina sura moja inayotuhusu sisi moja kwa moja, na tungependa wafanyakazi wa mashirika wanaotusoma waishike.

Tangu mwaka 1975 Wasaharawi wa Sahara Magharibi walikimbia vita na kuhamia kambi karibu na mji wa Tindouf, Algeria. Ni watu wa jangwani ambao maziwa na nyama ya ngamia na tende vilikuwa sehemu kubwa ya maisha yao. Kambini wakategemea msaada, na msaada ulikuja kwa wingi kama unga wa ngano. Watoto wakazaliwa na kukulia kwenye mkate.

Mwaka 1999 Carlo Catassi na watafiti wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kupima watoto 990 wa Kisaharawi. Asilimia 5.6 walikuwa na siliaki. Ulaya ni kama asilimia 1. Yaani katika kila watoto 1,000 wa kambi zile, kama 56 walikuwa na ugonjwa ambao mgao wenyewe ulikuwa unauchochea. Urithi wa damu una sehemu yake, kwa sababu si kila anayekula ngano anaugua. Lakini urithi bila ngano haumwangushi mtoto.

Hebu fikiria mtoto wa namna ile mbele ya mfanyakazi wa lishe. Amekonda, anahara, tumbo kubwa, damu pungufu. Kwenye fomu anaandikwa utapiamlo. Anaongezewa unga. Unga ni wa ngano. Kila mtu amefanya kazi yake kwa moyo mwema, na mtoto anazidi kudhoofika. Mtoto asipoongezeka uzito licha ya kula, swali la "amepewa kiasi gani?" halitoshi. Inabidi kuuliza pia "anakula nini, na mwili wake unakifanya nini?"

Tahadhari moja: usimwondolee mtoto chapati kwa kubahatisha. Siliaki inapimwa kwa damu na hospitalini, na kipimo kinahitaji mtoto awe bado anakula ngano. Akiacha kabla, kipimo kinaweza kudanganya. Na katika nchi yetu hii, mtoto anayehara ana sababu nyingine nyingi za kuangaliwa kwanza, kuanzia maji mpaka minyoo.

TORONTO: CHAKULA KILIPOSHINDWA

Turudi kwa kijana wa mama yetu. Kisukari cha aina ya kwanza kina historia yake ya chakula, na ni historia ya kuumiza.

Katika ugonjwa huu seli za kongosho zinazotengeneza insulini zinaharibiwa. Insulini ndiyo inayofungua mlango ili sukari ya damu iingie kwenye seli ikawe nguvu. Bila insulini mtoto anakula lakini mwili una njaa. Unaanza kuchoma mafuta yake, damu inajaa asidi, anatapika, anapumua kwa nguvu, anazimia. Ni suala la siku, wala si miezi.

Kabla ya 1922 hakukuwa na dawa, hivyo chakula kilijaribiwa kwa ukali ambao yule bwana wa WhatsApp hawezi hata kuukaribia. Daktari Frederick Allen wa New York aliwalaza wagonjwa na kuwalisha kidogo mno: mboga zilizochemshwa, mayai, nyama kidogo, na siku nyingine njaa tupu. Sukari ilishuka kweli. Watoto wakaishi muda mrefu kidogo kuliko wangeishi bila hayo, lakini waliishi kama mifupa inayotembea. Allen hakuwa mkatili. Hakuwa na kitu kingine mkononi.

Elizabeth Hughes aliugua akiwa na miaka 11, mwaka 1919. Baba yake alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Familia ilikuwa na pesa, na yeye mwenyewe alikuwa na nidhamu ya ajabu, akafuata mlo wa Allen kwa miaka mitatu. Agosti 1922, akikaribia kutimiza miaka 15, alikuwa na kilo kama 20 tu. Kama mlo pekee ungeweza kumponya mtoto wa kisukari hiki, ungemponya yeye.

Kilichotokea ni Toronto, Kanada. Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya John Macleod, walipata insulini kutoka kwenye kongosho la wanyama, na James Collip akaisafisha. Januari 11, 1922, Leonard Thompson wa miaka 14, mwenye kilo chini ya 30, alichomwa sindano ya kwanza. Haikufanya vizuri. Tarehe 23 wakarudia na dawa iliyosafishwa zaidi, sukari ikashuka. Aliishi miaka mingine 13. Elizabeth Hughes alipelekwa kwa Banting mwaka uleule, akaanza kula tena kama mtoto, akaolewa, akazaa, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 73. Na haki za ugunduzi ule ziliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, ili dawa iwafikie watu wote.

Wanasayansi hawakuacha kutafuta msaada wa chakula hata baada ya hapo. Utafiti mkubwa ulioitwa TRIGR ulifuatilia watoto 2,159 katika nchi 15, wote wenye ndugu wa damu mwenye kisukari hiki, kuona kama maziwa ya kopo ya aina maalumu utotoni yangeweza kuwakinga. Matokeo yalitoka mwaka 2018: hayakuwakinga. Walitafuta kwa uaminifu, wakasema ukweli walioupata.

HAPA KWETU HISTORIA BADO INAANDIKWA

Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza katika mpango wa kutoa insulini bure kwa watoto, Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009. Kabla ya hapo, wazazi wengi walizika watoto wakiambiwa ni malaria ya kichwani.

Na mwaka 2025 limetoka jambo jipya. Watafiti walipima vijana 894 wenye kisukari kutoka Kamerun, Afrika Kusini na Uganda. Wengi wao, kama asilimia 65, hawakuwa na zile kingamwili za kawaida zinazoonyesha askari wamegeuka. Maana yake ni kwamba kisukari cha watoto wengi wa Afrika huenda si kile cha kwenye vitabu vya Ulaya. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali aina ya tano, inayohusishwa na utapiamlo wa muda mrefu. Watu wataharakisha kusema, "Mnaona? Ni njaa, basi chakula kitaponya!" Hapana. Utafiti ule haukusema kwamba njaa ndiyo sababu, na haukumwambia mtoto yeyote atupe sindano. Unawaambia madaktari wapime watoto wetu vizuri zaidi.

TULICHOMJIBU MAMA

Tulirudi kwake, tukakaa chini ya mwembe wake, tukamwambia hivi.

Mama, chakula hakitarudisha kongosho la kijana. Sindano isiachwe hata siku moja, hata akiwa hana hamu ya kula. Akiugua akashindwa kula, hiyo ndiyo siku ya kukimbilia hospitali, na dozi ataamua daktari.

Lakini chakula kina kazi kubwa kando ya sindano. Ale chakula kilekile cha nyumba: bugali, matoke, maharage, sombe, lengalenga, mukene. Tofauti ni kiasi na saa. Soda na muwa viwe mbali siku za kawaida, ingawa hapa Busoga tumezungukwa na mashamba ya miwa. Lakini akianza kutetemeka, kutoka jasho, kuongea maneno yasiyoeleweka, sukari ya damu imeshuka; mpe haraka kitu kitamu, maana wakati huo sukari ndiyo inayomwokoa. Acheze mpira na wenzake, awe na pipi mfukoni, na mwalimu ajue. Dawa isikae juani wala karibu na jiko. Kama hakuna friji, chungu cha udongo kilicholowanishwa kivulini kinapunguza joto.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tunaongeza moja. Tangu 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi Uganda umepunguzwa mara kadhaa, na sisi wa mijini tunajitafutia wenyewe. Mtoto aliyechomwa insulini akakosa chakula cha jioni yuko hatarini usiku uleule. Mkiwa na orodha ya familia za kuangaliwa kwanza, wekeni jina lake.

Na kwa kila mmoja wetu: mtoto akikojoa sana, akanywa maji bila kushiba, akikonda na kuchoka, asisubiri. Mpelekeni siku hiyohiyo, iwe kituo cha afya cha Bugembe au hospitali ya watoto ya Nalufenya pale Jinja, na muombe apimwe sukari, hata kama kila mtu anasema ni malaria. Tone moja la damu kwenye kidole linatosha kuanza.

Mama alinyamaza kidogo. Halafu akauliza kama mlonge ni mbaya. Tukamwambia hapana Mama, ni mboga nzuri, pika tu. Ila mboga ibaki mboga. Akacheka, akaita kijana wake atuletee viti vingine, na kijana akaja mbio.

Kama ujumbe ule wa sauti umefika kwenye grupu lako, tafadhali usiupitishe. Pitisha huu.